Kengele Haimjui Mjane

Haikuzima.

Namba aliyobonyeza Puseletso ilikuwa mwaka wa kuzaliwa wa marehemu mumewe, Tefo. Ndiyo iliyofungua na kufunga nyumba hii tangu kengele ya wezi iwekwe. Leo ilikataliwa. Akaibonyeza tena. Kibao cha namba pale ukumbini kikamulika taa nyekundu, na king'ora chini ya paa kikapiga yowe hadi mbwa wa mtaa mzima wa Rocklands wakaitikia.

Na mlango wa jikoni, pale tulipouacha wiki iliyopita, ulikuwa bado unasukumwa.

Puseletso ni mshonaji. Akashika kilichokuwa karibu: pasi ya chuma. Akasimama nyuma ya mlango na nguo zake nyeusi za ujane, mkono juu.

Mlango ukafunguka. Akaingia mwanamume mwembamba mwenye aproni ya unga, mikono kichwani.

"Usinipige, Mama! Ni mimi, Sefako!"

Sefako wa maandazi. Anakaanga pale kwenye kona kila asubuhi, na nusu ya mtaa hunywa chai kwa ajili yake.

"Umeingiaje?" Puseletso alilazimika kupiga kelele ili asikike.

"Kitasa cha mlango huu ni cha kuchekesha, Mama. Ni cha kuchekesha tangu zamani."

"Zamani lini?"

Sefako akarudi nyuma hatua moja. "Tangu nilipoiba televisheni yenu."

Pasi ikapanda juu zaidi.

"Ngoja! Ngoja kwanza! Ndiyo maana mumeo, Ntate Tefo, akaweka kengele. Na niliporudi kufuata redio, kengele hiyohiyo ikanikamatisha. Nimetumikia kifungo kwa sababu yake. Mimi na yeye tunajuana."

"Na leo umefuata nini? Cherehani?"

"Leo nimekuona ukiingia kwa ufunguo wako mwenyewe, halafu ikalia. Nikasema, hapana. Imlilie mwizi, siyo mwenye nyumba. Hata mimi nina mipaka yangu!"

Puseletso akamtazama. Kisha akashusha pasi, kwa sababu muda wa kuchagua rafiki ulikuwa umepita.

Aliyetukosa wiki iliyopita ajue hivi. Asubuhi ile wifi yake Puseletso alikuja kumchukua kwa gari, wakaanza safari ya Thaba Nchu kwa mama mkwe. Huko ndiko angevuliwa nguo nyeusi, maana mwaka wa msiba umetimia. Waliposimama kuweka mafuta, Puseletso akamsikia wifi akisema kwenye simu: "Tumeshamtoa. Leteni vyombo." Akashuka. Akarudi nyumbani Mangaung kwa miguu na kwa lifti ya mtu asiyemjua, vumbi hadi magotini.

Aliyekuwa anaambiwa alete vyombo ni shemeji yake, Tshokolo, mdogo wa marehemu. Alikuwa amepata wapangaji wa nyumba ile. Na kila mtu hapa anajua mambo yalivyo: familia ikishaingia na kulala na sufuria zake ndani, huitoi tena kwa maneno. Ni mahakama, ni miaka, na mjane analala kwa ndugu huku nyumba yake ina mapazia ya watu wengine.

"Amebadilisha namba," Puseletso alisema. "Tshokolo amebadilisha namba."

"Alipataje ya kwanza?"

"Msibani."

Sefako akatikisa kichwa kwa uchungu wa mtu anayejua kazi. "Msibani! Kila mtu hutoa namba msibani."

Ni kweli. Sisi tukifiwa hatufungi mlango wiki nzima. Wapishi wanataka kuingia, wenye hema wanataka kuingia, kwaya inataka kuweka makoti yake chumbani. Namba ya kengele ya Tefo ilitajwa jikoni kwa sauti, juu ya sufuria za nyama, kama mtu anavyoelekeza chumvi ilipo. Baada ya mazishi wote waliisahau. Tshokolo peke yake hakuisahau.

"Sanduku la kengele liko wapi?" Sefako aliuliza.

"Juu ya kabati, hapo ukumbini."

"Na kitabu cha maelezo?"

"Hakuna. Kampuni iliyoiweka ilishakufa. Tefo alikuwa na kila kitu kichwani, akaenda nacho."

Sefako akapanda kiti, akafungua sanduku jeupe kwa bisibisi ya cherehani. Ndani mlikuwa na nyaya za kila rangi, zimejipinda kama matumbo ya kondoo. Akazitazama. Akachagua mbili, akazichomoa.

King'ora kikakatika. Kimya kikaingia masikioni mwao kama maji.

Kabla hawajashusha pumzi, breki zikalia getini.

"Askari wa kampuni ya ulinzi!" Sefako akasema. Mtu aliyewahi kufungwa hangoji kuona sare. Aliruka kutoka kitini akaingia chini ya meza ya cherehani, nyuma ya marobota ya kitambaa cha shweshwe, na unga wake wote.

Waliingia wawili wenye fulana za kuzuia risasi, bunduki zikining'inia. Mmoja alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kidevu, Ntate Khethisa. Mwingine alikuwa kijana wa shingo nene.

"Mama, kituoni wanaomba neno la siri," alisema Khethisa kwa adabu.

Puseletso akalitaja. Khethisa akalirudia kwenye redio. Redio ikakohoa ikajibu.

"Siyo lenyewe, Mama."

"Ni lenyewe. Mmebadilishiwa."

"Na mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni mimi."

Kijana wa shingo nene alikuwa ameshapiga simu, ameweka sauti kubwa. Sauti ya Tshokolo ikajaa ukumbini, tamu kama ya mtu anayetangaza harusi.

"Aa, poleni sana, wakubwa. Huyo ni mke wa marehemu kaka yangu. Tangu msiba akili haijatulia. Mtoeni taratibu, mumweke nje ya geti. Nakuja na gari sasa hivi."

"Tshokolo!" Puseletso akaita. "Akili yangu imetulia kuliko jina lako!"

"Mnamsikia wenyewe," ikasema simu, ikakatika.

Khethisa akakuna kidevu. "Mama, usitupe kazi ngumu. Tutoke."

Puseletso hakutoka. Aliingia chumbani kwake akaburuta godoro. Alilivuta kwa mikono miwili hadi chumba cha cherehani kinachotazamana na ukumbi, akalilaza sakafuni. Akaketi katikati, miguu ameinyoosha mbele, shali nyeusi mabegani. Ndivyo alivyokaa mwaka mmoja uliopita, wakati jeneza la Tefo lilipokuwa likisubiri kuzikwa. Safari hii hakuwa analia.

"Nitoeni basi," akasema.

Kijana akapiga hatua.

"Njoo, mwanangu. Usiogope. Shika hapa mkononi." Puseletso akanyoosha mkono. "Nguo hizi nimezivaa mwaka mzima. Hazijavuliwa, hazijachomwa. Kila usiku niliolia umo humu ndani. Nishike tu, giza lake lote liwe lako. Nami nitabaki mwepesi."

Kijana akasimama. Akamgeukia mkubwa wake.

"Ntate Khethisa, tumshike?"

"Tumshike nani na nani?"

"Mimi na wewe."

"Binti yangu anaolewa mwezi ujao. Nikapeleke nuksi kwenye harusi ya mwanangu? Mshike wewe."

"Mke wangu ana mimba, Ntate!"

"Basi tumekwisha elewana."

Wakamtazama mjane kwenye godoro. Mjane akawatazama. Mkono ulikuwa bado umenyooshwa.

"Tutamngoja mwenye nyumba getini," Khethisa alisema.

"Mwenye nyumba amekaa mbele yako."

"Ndiyo, Mama. Basi tutamngoja yule mwingine."

Wakatoka kinyumenyume kama watu wanaomwacha mbwa mkali. Chini ya meza ya cherehani, marobota ya kitambaa yalikuwa yanatetemeka kwa kicheko.

"Mama," Sefako alisema akitambaa nje, "ningekuwa na wewe enzi zangu, nisingefungwa hata siku moja."

"Nyamaza. Utaifanya kengele inisikilize mimi, ndiyo au hapana?"

"Ndiyo. Nadhani ndiyo. Gerezani nilikaa chumba kimoja na fundi wa kengele. Mchana alikuwa anaziweka, usiku anazifungua. Alinisimulia kila kitu. Hizi za zamani, alisema, zina meno mawili madogo ya chuma kwenye ule ubao wa kijani. Ukiyaunganisha kwa kitu cha chuma, inasahau. Namba zote, mabwana wote, inasahau, inarudi kama ilivyotoka kiwandani."

"Umewahi kufanya?"

"Nimewahi kusikia vizuri sana."

Puseletso hakucheka. Alichukua sindano nene ya kushonea makoti akampa. Sefako akapanda kiti tena. Mkono wake ulipofika kwenye ubao ukaanza kucheza.

"Unatetemeka."

"Siku hizi mikono yangu ni ya maandazi, Mama. Hayo meno ni madogo kama ya panya."

"Shuka."

Akapanda yeye. Mtu aliyepenyeza uzi kwenye matundu ya sindano maisha yake yote haoni meno mawili ya chuma kuwa madogo. Sefako akachomoa waya wa umeme ukutani. Puseletso akaweka sindano, ikagusa jino hili na jino lile.

"Rudisha umeme," alisema.

Sefako akarudisha. Kibao kikalia mara moja. Puseletso akaruka chini, akaenda kibaoni akabonyeza moja, mbili, tatu, nne. Ndiyo namba ya kiwandani, fundi wa gerezani alisema. Wenye viwanda nao ni wavivu.

Taa nyekundu.

Akajaribu tena. Nyekundu. Safari hii kibao kikazima kabisa, hakitaki hata kubonyezwa.

"Kimetununia," alisema Sefako. "Ukikosea mno kinanuna kwa muda."

Nje, mtu akapiga honi ndefu mtaa wa juu. Lori.

"Sefako. Nipe maneno yake yule fundi. Siyo yako. Yake."

Sefako akafumba macho. "Alisema... alisema, 'Iue kabisa ndipo uifufue.'"

"Uliiua?"

"Nilichomoa umeme."

Puseletso akaangalia ndani ya sanduku. Chini kabisa, nyeusi, nzito, imekaa kimya kama mgeni asiyetaka kuonekana, kulikuwa na betri.

"Na hii ilikuwa inafanya nini wakati unaiua?"

Sefako akajipiga kofi la paji la uso, unga ukaruka. "Ilikuwa inaiweka hai."

"Ndiyo maana ulikamatwa," Puseletso alisema, akang'oa waya wa betri.

Safari hii waliua kila kitu. Umeme, betri, hata taa ndogo ya kwenye ubao wakaingoja hadi ikafa yenyewe. Honi ikalia tena, karibu zaidi. Puseletso akaweka sindano kwenye yale meno, akaishikilia bila kupumua.

"Umeme."

Sanduku likalia, mlio mrefu, mwembamba, kama mtoto anayezaliwa. Akashikilia. Mlio ukakatika.

"Toa sindano! Toa sasa!"

Akatoa. Akarudisha waya wa betri, akashuka, akasimama mbele ya kibao. Moja, mbili, tatu, nne.

Kijani.

Sefako akataka kumkumbatia, akakumbuka nguo nyeusi, akakumbatia mlango.

"Imesahau, Mama! Imemsahau Tshokolo! Lakini ngoja." Akainama kwenye kibao. "Kuna taa moja haizimi. Ya nne. Hii ni ya chumba gani?"

"Chumba cha nyuma. Alichofia Tefo. Nimekifunga tangu msiba, sijaingia."

"Jicho la mle ndani linaona kitu kinatembea. Una paka?"

"Sina."

"Basi buibui. Buibui akipita juu ya jicho, kengele inadhani ni mtu. Ilinisumbua hata mimi zamani. Lakini taa ikiwaka hivi, kengele haikubali kufungwa. Turuke hicho chumba?"

"Ruka."

Akabonyeza anavyojua, taa ya nne ikawekwa kando. Mngurumo wa lori ulikuwa umeingia mtaani sasa. Vikombe vilitikisika kabatini.

"Sasa weka namba yako mpya, Mama."

Puseletso akamtazama. "Geuka."

"Mimi?"

"Wewe hasa."

"Mama, baada ya yote haya?"

"Ulichukua televisheni yangu, Sefako. Geuka."

Sefako akaingia chumba cha cherehani, akageuka kwa huzuni, akatazama ukuta wenye kioo kirefu wanachojipimia wateja. Puseletso akaweka namba. Hakuweka mwaka wa Tefo wala wa mtu yeyote aliyezaliwa au kufa katika ukoo ule. Ilikuwa namba yake mwenyewe, na sababu yake anaijua yeye.

Alipotaka kufunga kengele, akakumbuka.

"Nyaya za king'ora!"

Walikuwa wamezisahau. Sanduku lingeona mwizi na lisiwe na koo la kupigia yowe. Alipanda kiti, akazipachika moja moja kwa vidole, akabana skrubu kwa bisibisi. Getini mlango wa lori ulifunguliwa kwa kishindo. Sauti ya Tshokolo ilikuwa inasalimia askari.

"Chumba cha cherehani hakina jicho," Puseletso alinong'ona. "Tefo alikataa kuweka, maana nashona usiku. Nenda kakae huko."

"Wewe?"

"Nakuja."

Akafunga kengele. Ikaanza kuhesabu kwa mlio mdogo mdogo. Akatembea taratibu hadi kwenye godoro lake, akaketi, akavuta shali. Mlio ukaisha.

Ufunguo ukaingia kwenye mlango wa mbele.

Tshokolo aliingia na suti yake ya kijivu, viatu vinang'aa. Nyuma yake alikuja bwana mmoja mwenye godoro la mtoto kichwani, na nyuma ya huyo askari wawili. Kibao kikaanza kumlilia taratibu, kikiomba namba.

"Hii kengele," Tshokolo akamwambia mpangaji, "ni ya kutegemewa sana. Nitakufundisha." Akabonyeza namba yake bila kutazama, kama mtu anayejikuna.

Kibao kikamulika nyekundu.

Akabonyeza tena, sasa anatazama. Nyekundu.

Akabonyeza mara ya tatu kwa kidole kilichoanza kutoka jasho.

Ninyi mnaosoma hapa, laiti mngelisikia yowe lile! Kufungwa upya kwa nyaya kulikuwa kumekipa king'ora koo jipya. Mpangaji akadondosha godoro la mtoto. Watoto wa jirani wakapanda ukuta. Wanawake waliokuwa wanapika papa, ugali wetu, wakatoka na miko mikononi. Tshokolo alikuwa anabonyeza kila namba anayoijua, mwaka wa kaka yake, mwaka wake, pengine hata wa mbuzi wake, na kila namba ilimrudishia nyekundu mbele ya mtaa mzima.

Ntate Khethisa akamsogelea. Alilazimika kumpigia kelele sikioni.

"Ntate! Kama nyumba ni yako, mbona inakukataa?"

"Imeharibika!"

Hapo Puseletso akasimama kutoka kwenye godoro. Akavuka ukumbi bila haraka. Watu wote wakampisha, hakuna aliyetaka shali ile imguse. Akaweka mwili wake kati ya kibao na macho yao, akabonyeza.

Kimya.

Mtaani mtu akapiga kigelegele. Akafuata wa pili, akafuata wa tatu.

"Haijaharibika," alisema Khethisa polepole. "Wewe inakukataa. Yeye inamsikiliza." Akachukua redio yake. "Kituoni. Andikeni hivi: mwenye nyumba yumo ndani, na ni mwanamke."

"Wewe ni askari tu!" Tshokolo alifoka. "Nani kakupa kazi ya kugawa nyumba za watu?"

"Mimi sigawi. Nasikiliza kengele. Ndiyo kazi niliyoajiriwa."

Mpangaji alikuwa ameshaokota godoro la mwanawe. "Ntate Tshokolo, mimi nilitafuta nyumba. Sikutafuta vita na mjane." Akatoka. Dakika hiyohiyo lori likaanza kunguruma.

"Shemeji," alisema Puseletso, "mlango ule uliousahau wazi ndio wako. Pita."

Tshokolo hakupita. Alianza kucheka.

Kicheko kile hakikuwa cha mtu aliyeshindwa.

"Umefunga vizuri, shemeji. Umefunga vizuri sana. Lakini hujaniuliza umemfungia nani ndani."

Kwenye kibao, taa ya nne iliwaka. Ikazima. Ikawaka.

Buibui hawaendi hivyo.

Mwishoni mwa ukumbi, kitasa cha chumba cha nyuma kikageuka. Mlango haukufunguka, ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Kikageuka tena. Tshokolo akatoa ufunguo mfukoni mwa koti, ufunguo ambao Puseletso aliamini alikuwa nao yeye peke yake, akaenda akafungua.

Akatoka MmaTefo.

Mama mkwe. Mama yake Tefo, mama yake Tshokolo, bibi mdogo wa umbo aliyenyooka kama fimbo, blanketi la Kisotho limebanwa kifuani kwa pini. Mkononi alishika mkasi.

Kila mwanamke aliyekuwa akichungulia dirishani aliujua mkasi ule. Ni wa kumkatia mjane nguo zake nyeusi.

"Hukuja Thaba Nchu," MmaTefo alisema. "Thaba Nchu imekuja kwako."

"Nimemleta asubuhi, ulipotoka tu," alisema Tshokolo, meno yote nje. "Mvue, Mama! Mvue hapahapa. Tuone bila nguo hizo hawa askari watamwogopa nani!"

Khethisa na yule kijana wakatazamana. Puseletso akaona macho yao, akajua ni kweli. Kinga yake yote ilikuwa ile nguo. Na duniani kote kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye haki ya kuigusa.

Lori lilikuwa linageuza. Tshokolo akalisikia.

"Wewe! Simama! Usiondoke!" Akatoka mbio barazani, akashuka ngazi. "Rudisha gari! Vyombo vinaingia sasa hivi!" Askari wakamfuata hadi getini, wakiona ni afadhali kusimama mbali na mkasi.

Puseletso akarudi kwenye godoro lake. Akaketi.

"Kata, Mama," akasema. "Nguo ni zenu, mlinivisha ninyi. Nyumba hamkunivisha. Nikiwa uchi nitakaa humuhumu, na atakayenitoa atanibeba nikiwa nang'ata."

MmaTefo akapiga magoti kwa taabu kando ya godoro. Akashika ncha ya shali. Ubapa wa mkasi, baridi, ukamgusa Puseletso shingoni. Yule bibi akainama hadi midomo yake ikawa sikioni mwa mkwewe.

"Nilipokuwa mle ndani nimesikia kila neno," alinong'ona. "Nilinyamaza makusudi. Alinifungia kwa ufunguo, mwanangu. Mimi. Kama mbuzi wa sherehe. Kwangu Thaba Nchu ameshaweka wapangaji tangu juzi." Akaufungua mkasi. "Kabla sijakata, niambie. Hiyo kengele unaweza kuifunga tena, mimi na wewe tukiwa ndani, na yeye akiwa nje?"

Puseletso akageuza macho ukumbini. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Barazani viatu vinavyong'aa vilikuwa vimeshaanza kupanda ngazi kurudi. Kutoka kwenye godoro hadi kibaoni kulikuwa mbali mno kwa mwanamke mwenye mkasi shingoni.

Lakini Sefako alikuwa ameshatoka mafichoni, amesimama kando ya kibao.

Sefako, mwizi wa televisheni, ambaye hakupewa namba. Alimtazama Puseletso. Akatazama kile kioo kirefu cha wateja, kinachotazamana na kibao. Akamtazama Puseletso tena, na safari hii uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba radhi.

Akausukuma mlango wa mbele kwa mguu, kitasa kikajifunga. Kisha akaweka kidole kwenye namba ya kwanza, na ilikuwa yenyewe.

Upande wa pili wa mlango, ufunguo ukaingia kitasani.